Kwa Papa Amani, Kuhusu Miraba Miwili

Nguba, mchana wa mvua

Papa Amani,

Mama yako amejilaza kidogo, mtoto wetu yuko kwa jirani, na mvua imelifunika ziwa lote hata ng'ambo haionekani. Nimekaa upande wako wa meza kwa sababu juu ya upande wangu bati linavuja. Ungekuwepo ungesema, "Nitapanda kesho," na kesho ungesema vilevile, nami ningenuna, nawe ungenichekesha mpaka nifute machozi ya kicheko usoni kwa mikono yenye sabuni ya kufulia. Sasa bati linavuja tu. Sina wa kumnunia.

Watu wananiambia niongee nawe katika sala. Nasali, unajua nasali. Lakini katika sala Mungu anasikiliza, na mimi kuna mambo nataka uyasikie wewe peke yako, kama zamani tulipofunga mlango wa chumba tukaanza kuwasema wanafunzi wetu chinichini kama wasengenyaji. Ndiyo maana naandika.

Nina hamu na wewe. Nilipanga kuanza na habari, habari ziko nyingi, lakini hilo limejitanguliza lenyewe. Basi libaki hapo mbele.

Jana nilikuwa nakumbuka chuo. Unamkumbuka yule profesa wetu wa jometri, aliyevaa koti zito hata jua likiwaka? Alichora ubaoni miraba miwili iliyo sawa kwa ukubwa. Kona ya mmoja akaiweka katikati kabisa ya mwingine, kisha akauinamisha ule wa juu, ukakaa upandeupande kama mlevi anayetafuta ukuta. Akauliza: sehemu ile inayofunikwa na miraba yote miwili ni kiasi gani cha mraba mmoja? Alikuwa hajaweka chini chaki yake wewe ukasimama. "Robo!" Akakuuliza umejuaje. Ukasema umeuzungusha kichwani mpaka pande zikalingana, hapo sehemu ya pamoja ikawa mraba mdogo, robo ya ule mkubwa. Darasa zima likapiga makofi. Ulikuwa na shati la rangi ya maziwa, na ulikaa chini kama mtu aliyekwisha kula.

Mimi nilikuwa nyuma. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikasema, "Hiyo ni pale unapokaa vizuri. Ukiinama je?" Ukageuka kunitafuta ni nani. Nikaenda ubaoni. Nikashusha mistari miwili kutoka katikati ya mraba, kila mmoja ukiangukia upande wake kwa pembe mraba, zikatokea pembetatu mbili ndogo, moja huku, moja kule. Nikaonyesha kwamba zinalingana kabisa. Mraba wa juu ukizunguka, unapoteza moja na kupata nyingine. Nikasema, "Kinachotoka huku kinaingia huku. Ndiyo maana ni robo siku zote, hata uinamishe namna gani."

Ulinisubiri mlangoni. "Madame Preuve," ukaniita, bibi wa uthibitisho. "Hata miye nilijua iko robo." Nikakujibu, "Ulijua karibu." Tangu siku hiyo ukawa Monsieur Presque wangu, bwana wa karibu-karibu, hata siku ya ndoa yetu, hata nilipokuwa katika uchungu wa kumzaa Amani na wewe nje ya chumba ukiuliza kila anayepita kama mambo yako karibu.

Hatukuwahi kupatana juu ya hilo. Wewe ulifundisha wakubwa, wale wa mwaka wa mwisho, mimi wadogo wa miaka ya kwanza, na jioni tukisahihisha kazi zao kwenye meza hii tulibishana tena. Ulisema, kila mtihani ulipokaribia, "Njia yako ni nzuri sana, lakini examen itaisha batoto bako bangali banachora." Mimi nikasema njia yako inafundisha kubahatisha. Ulipenda kusahihisha ukinung'unika wimbo ambao haukuwa wimbo wowote. Chaki ilikuganda kwenye nyusi. Naweza kuwaeleza watu jinsi ulivyokufa, wananisikiliza na kutikisa kichwa. Lakini nikitaka kueleza zile nyusi nyeupe, nakosa wa kumweleza.

Halafu vita. Wewe uliishi mwanzo wake, huhitaji nikusimulie. Askari walilala katika madarasa yetu, madawati yakaenda jikoni mwao kama kuni, na mkurugenzi akatuambia tungoje. Wewe hukungoja. Ulichukua makala, makaa ya jikoni, ukayasaga, ukachanganya na ule unga mweusi wa betri za redio zilizokufa, ukakamulia maji ya sombe, majani ya muhogo, na mama yako akakupigia kelele kwamba unaharibu mboga ya watu. Ukaupaka ukuta wa nyuma ya nyumba. Siku tatu tulinuka sote kama duka la fundi. Lakini ukuta ulikubali chaki, na wanafunzi wako wakaanza kuja, mmoja mmoja, wakipitia njia ya chini kando ya ziwa, vitabu vikiwa ndani ya mifuko ya unga ili wasiulizwe maswali.

Wakati huo nilikuwa naanika nguo huku nakusikiliza. Sikukuambia kamwe kwamba nilikuwa nafua mara nyingi kuliko nguo zilivyochafuka.

Siku ninayoipenda kuliko zote ni ile ya parokia. Watu waliokimbia kutoka Mwenga walikuwa wamejaa uwanjani, na padri alikuwa amepata shitingi, zile turubai za plastiki, akakuomba umsaidie kupanga watu. Wewe ukalibeba darasa zima. Mimi nikafuata na Amani mgongoni. Ukatandaza shitingi mbili, kila moja mita nne kwa mita tano, ukazipandanisha ili maji yasipite katikati, upande wa mita nne juu ya upande wa mita nne, kwa upana wa mita moja. Ukauliza eneo lake: "Tumefunika surface gani?" Cikuru, yule kijana mwepesi wa kusema, akajibu haraka: "Ishirini na ishirini, prof. Arobaini."

Hukumwambia amekosea. Ukamwambia apime kwa miguu. Akapima, akarudi, akakuna kichwa: thelathini na sita. Zile nne zimekwenda wapi? Ndipo ukasema lile neno ambalo sasa nalisema mimi, nikijaribu kulisema kwa sauti yako na kushindwa: "Ile ya katikati munaihesabia mara moja. Mukiihesabia mara mbili, kuko mutu atalala mu mvua."

Na yule mama aliyekuwa ameketi juu ya furushi lake, mtoto akinyonya, akasema bila kuinua kichwa, "Prof, ule mutu ni miye." Watu walicheka, naye akacheka. Kisha hakuna aliyecheka tena. Mlishinda pale mpaka saa ya kula bugari, ugali wa jioni, mnasogeza shitingi, mnapunguza mahali zinapopandana, mnamwaga ndoo ya maji juu kuona kama yanapita, mnaongeza tena kidogo. Yule mama alipata mahali pake. Ulirudi nyumbani umelowa kama umeogelea, ukaniambia, "Leo nimefundisha."

Papa Amani, mpaka hapa mkono unaandika vizuri. Sasa nafika Miti, kile kijiji cha juu.

Vijana wa Miti hawakuweza tena kushuka mjini. Kijana akifika kwenye bariera ya askari, kila upande unamwona ni wa upande mwingine. Wazazi wao wakakutumia neno: mtihani wa taifa unakuja, watoto wamekwama kwenye jometri. Wewe ulikuwa na mvi zako za mapema na kitambulisho cha mwalimu, ukasema wewe watakupisha. Na kweli walikupisha, mara ya kwanza, mara ya pili, mara nyingine tena. Ulipanda gari la makabichi Ijumaa ukarudi Jumapili, ukinuka makabichi, na furaha yako ilinikera kidogo, maana mimi nilikuwa sijalala tangu uondoke.

Asubuhi ile hukumaliza chai. Nakumbuka kikombe. Nilikuambia ngoja nikukamulie hata ndimu, ukasema dereva amekwisha piga honi. "Jumapili tutasali pamoja." Ukambusu Amani, ukambusu mama yako, mimi ukanigusa tu shavuni kwa sababu mikono yangu ilikuwa na unga na hukutaka kuchafua koti. Ningekuchafua. Ningejua, ningekuchafua lote.

Walikuleta juu ya gari lilelile.

Kila upande ulisema risasi ni za upande ule mwingine. Mimi sikuuliza tena. Niliwaambia waliokubeba wakushushe polepole. Ndiyo neno pekee nililolisema siku ile, mama yako ananikumbusha. Polepole.

Kilio kilikuwa kikubwa. Ungeshangaa. Walikuja hata watu wa parokia, na wale wa Mwenga walikuja, na yule mama alikuja na mtoto wake ambaye sasa anasimama. Wanafunzi wako walikaa pamoja kwenye majani karibu na ule ukuta mweusi, na ukutani kulikuwa bado na mwandiko wako wa Alhamisi. Hakuna aliyethubutu kuufuta. Siku kilio kilipoisha na watu wakatawanyika, wao wakabaki. Cikuru akasimama mbele yangu, kofia mkononi. "Madame, tunaomba musamaha. Examen haitatungoja. Tutafanya namna gani?"

Nilimkasirikia. Nilikuwa na hasira ya kumpiga. Nilikuwa sijavua nguo niliyokuzika nayo, na huyu ananiambia habari za mtihani! Nikaingia ndani nikafunga mlango. Mama yako alikuwa ameketi kitandani. Akaniuliza wanataka nini, nikamwambia. Akasema kwa Kishi, lugha yake ya Kabare, taratibu, kwamba watoto wale wamepoteza mtu wao na sasa wananiomba mimi niliyebaki. Nikiwafukuza watakwenda wapi?

Basi nikatoka. Nikaufuta mwandiko wako mimi mwenyewe. Unisikilize vizuri: kuosha mwili wako niliwaachia wengine kwa sababu sikuweza. Ukuta niliuosha mimi.

Sikuwa nimewahi kufundisha wakubwa. Wiki za kwanza waliniangalia kama watu wanaokula chakula cha mpishi mgeni. Mimi nachora mistari yote, natia herufi kila kona, naandika kwa nini, na wao wanaangalia jua. "Prof alifanyaka mbiyo," mmoja akanong'ona. Nilisikia. Nikaona aibu, nikaona tena kwamba nakuonea wivu, wewe uliye chini ya udongo. Nikaamua kwenda mbio kama wewe.

Niliwapa swali la mbuzi wawili. Shamba la mraba, mita kumi kila upande. Mbuzi mmoja amefungwa kona hii, mwingine kona inayoielekea, kila kamba ina mita kumi. Majani yanayofikiwa na mbuzi wote wawili ni kiasi gani? Nikapiga haraka, nikitembea mbele ya ukuta na mikono nyuma kama ulivyofanya: mbuzi mmoja anakula robo ya duara, mita za mraba sabini na nane na nusu. Wa pili vilevile. Jumla mia moja hamsini na saba. Lakini shamba ni mia moja tu! Ile ziada ndiyo majani waliyokula wote wawili: hamsini na saba. Nikageuka nikiwa nimejisikia.

Cikuru akainua mkono. "Madame, unajuaje kama shamba imeisha yote? Labda kuko majani mu kona hakuna mbuzi alifika."

Papa Amani, nilisimama pale na chaki. Alisema kweli. Sikuwa nimethibitisha. Mimi, Madame Preuve, nilikuwa nimesema karibu-karibu mbele ya darasa, na mtoto amenikamata. Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na kicheko kikageuka kikawa kile kingine, nao wakaangalia chini wote, watoto wenye adabu. Nilipomaliza nikajifuta kwa kitambaa cha ubao, uso ukajaa chaki, na tukathibitisha pamoja, mimi na Cikuru na wengine, kwamba hakuna jani lililobaki. Ilituchukua mchana wote. Tangu siku hiyo hawakunilinganisha tena nawe, au kama walinilinganisha, hawakunong'ona.

Kisha akaja Nabintu.

Humjui kwa sura ya sasa, amekonda. Ni yule msichana wa Miti aliyekuwa akiketi mbele, baba yake fundi wa kushona. Alishuka kwa miguu pamoja na wanawake wanaobeba mihogo, naye amebeba furushi la mihogo ili afanane nao. Alifika kwetu saa ya mchana, akaweka mzigo chini, akasema ametumwa na wenzake kunipa pole, na kwamba yeye hatarudi mpaka mtihani upite, kama nina mahali pa kumlaza. Mama yako alikuwa ameshamletea maji ya kunawa kabla sijajibu.

Siku ya pili nikamwita ukutani nimpime. Sikufikiri sana, nikachora miraba miwili, kona ya mmoja katikati ya mwingine, nikauinamisha. Nilijua atafanya kama wewe. Nilitaka kuona atakavyofanya kama wewe, nadhani. Nilitaka kukuona kidogo.

Hakuuzungusha. Alishusha mstari kutoka katikati, kisha wa pili. Akatia alama za pembe mraba. Akaonyesha pembetatu mbili. Na akasema, kwa sauti ndogo, huku bado ananipa mgongo: "Kinachotoka huku kinaingia huku."

Nikamuuliza nani alimfundisha hivyo.

"Prof," akasema. "Ile siku ya mwisho. Alitufundisha njia mbili. Alisema: 'Mukiwa na mbiyo, fanyeni ya miye. Mukiwa na woga, fanyeni ya bibi yangu. Ile yake haidanganyi hata siku moja.'"

Miaka yote ile, Papa Amani. Miaka yote ya kunichokoza kwenye meza hii. Hukuniambia! Ulikwenda mpaka Miti kuwaambia watoto wa watu kile ambacho mimi nilikingoja tangu nikiwa msichana mlangoni mwa darasa. Nilimwomba Nabintu aseme tena. Akasema tena. Nikamuuliza ulikuwa umesimama vipi ulipolisema, kama ulikuwa unacheka. Akafikiri, mtoto mwenye moyo mzuri, hakutaka kunidanganya. Akasema ulikuwa umesimama mlangoni unaangalia kama gari limefika, na hukucheka, ulisema kawaida tu, kama mtu anayesema kitu kinachojulikana.

Kama kitu kinachojulikana. Nimelala na maneno hayo wiki nyingi. Siku nyingine yananipa joto. Siku nyingine yananiuma kuliko risasi zile, kwa sababu nafikiri: labda ulidhani najua.

Labda nilijua. Karibu.

Mtihani ulichelewa sana. Watu walisema maswali hayataweza kuvuka mstari wa vita, wengine wakasema yatakuja kwa ndege, wengine kwamba hakuna nchi tena ya kutoa mtihani. Kabla haujafika, Bisimwa alichukuliwa. Yule mrefu wa nyuma, aliyekuwa akikufungulia lango. Walimkamata njiani akitoka kununua sabuni, wakampa bunduki, na mpaka leo mama yake huja kuniuliza kama nimesikia kitu, kwa kuwa mimi ni mwalimu na walimu husikia. Namkaribisha chai. Kama huko uliko mnajua walio hai na wasio hai, nifanyie ishara. Kama hamjui, nisameheni kwa kuuliza.

Waliobaki walifanya mtihani. Nilikwenda nao hadi langoni, nikabaki nje na wazazi, tumeketi juu ya mawe kama watu wanaongoja maiti. Nabintu alitoka akasema kulikuwa na bustani moja yenye njia mbili zinazokatizana, wakaulizwa majani yamebaki kiasi gani. "Ile njiapanda, Madame. Wengi wameitoa mara mbili." Na wewe? nikamuuliza. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

Majina yalisomwa redioni, na redio yetu unaijua, inasikika unapoishika. Mama yako ndiye aliyeishika, kasimama wima katikati ya sebule, mkono juu, mzee wa watu, bila kuchoka. Cikuru alipita. Wengi wao walipita. Jina la Nabintu liliposomwa sikusikia la baada yake, kwa sababu mtaa ulikuwa umeanza kupiga kelele, sahani zinagongwa, na poda wanayomiminiwa waliofaulu ilikuwa inaruka kwenye barabara kama unga wakati wa mavuno.

Aliingia mbio. Nywele nyeupe, shingo nyeupe, kope nyeupe, wanawake wa mtaa walikuwa wamemmiminia kopo zima. Mimi nilikuwa mlangoni na nguo zangu nyeusi. Akanirukia shingoni kabla sijasema neno. Alipojitoa, kifua changu chote kilikuwa cheupe, na mikono, na shavu.

Unajua watu wa kwetu. Mjane hajamaliza kilio chake cha mwaka, anasimama mlangoni amepakwa poda kama bibi harusi. Jirani mmoja aliangalia upande. Mimi nilimwangalia mama yako, kwa sababu neno lilikuwa lake. Nabintu akataka kunifuta kwa kanga yake, akinipangusa anazidi kunipaka.

Mama yako akaweka redio mezani. Akaja polepole na lile goti lake. Nilifikiri atanirudisha ndani. Alinyoosha kidole, akachota poda kidogo begani kwangu, akajipaka shavuni, upande huu na upande huu. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Na mutoto yangu angejipaka." Kisha akakaa kwenye kiti chako, akalia, mara ya kwanza tangu tulipokuzika. Nikapiga magoti nikamkumbatia miguu. Tulikuwa weupe wote watatu. Amani alitukuta hivyo, akauliza nani amemwaga unga.

Habari ya mwisho ni hii. Nabintu alipanda Miti kuwaonyesha wazazi wake kwamba yu hai. Alirudi na ujumbe: kuna wengine nyuma yake, wasichana kwa wavulana, na wazazi wanauliza kama Madame anaweza kupanda mwisho wa juma, kama Prof alivyofanya.

Nilikaa na ombi hilo siku nyingi. Nilijiona kwenye gari la makabichi. Nakiri kwako tu kwamba sehemu ya moyo wangu ilitaka, si kwa ajili ya wanafunzi, bali kwa ajili ya kupita mahali pale, kuona miti uliyoiona mwisho. Kisha nikamtazama Amani akila, sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, wanamtoka mdomoni, anazungumza na kila mmoja kabla ya kumtafuna. Amebaki na mzazi mmoja. Nikasema hapana, barabara ile sitaipanda. Usinione mwoga. Au nione, lakini nipende hivyo.

Nikamwambia mama yako uamuzi wangu, akasema jambo jepesi ambalo mimi na masomo yangu sikuliona, akionyesha sebule: "Basi bakuje bao. Salon iko kubwa." Wanashuka kidogo kidogo pamoja na wanawake wa sokoni, kama Nabintu alivyoshuka, na wanabaki kwetu mpaka muhula uishe. Parokia imetupa mikeka. Kabati lako la vitabu tumelisogeza kwenye ukumbi; nisamehe, nililikumbatia kwanza. Koti lako la kahawia Nabintu amemwekea mvulana mmoja anayekuja bila koti, na mimi nimekubali, kisha nimeingia chumbani nikakaa kidogo.

Nakutamani kila siku, Papa Amani. Hiyo haipungui, walionidanganya kwamba inapungua hawakukujua. Lala salama pale tulipokuweka, na udongo wa juu usikulemee katika mvua hii. Nakuahidi kitu kimoja tu, kwa kuwa sasa naogopa ahadi kubwa: nyumba hii niliyoiacha ikawa kimya tangu ulipoondoka, haitakuwa kimya tena. Utawasikia kutoka huko. Watabishana, watakosea, watapiga kelele za kijinga juu ya chakula, na mimi nitawagombeza mpaka sauti ikauke.

Mvua imepungua. Kuna watu langoni. Namsikia Nabintu akiwaambia wapanguse miguu, na mama yako amekwisha amka anauliza kama wamekula.

Nakwenda kuwafungulia.

Mama Amani wako